Kununua na Kuuza Vitu na Magari Yaliyotumika: Hatua kwa Hatua

Anayenunua gari lililotumika ananunua chuma, matairi na mashaka. Hajui kama injini imewahi kuchemsha, hajui kama karatasi ni halali, hajui mwenye gari anauza kwa sababu gani hasa. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof wa Marekani alieleza, kwa mfano huohuo wa magari, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati, na bei hiyo huwaondoa sokoni wenye magari mazima. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili.

Biashara ya kununua na kuuza inaishi humo. Unachukua kitu kikiwa na mashaka, unayapunguza kwa ukaguzi, usafi, matengenezo na karatasi, kisha unakiuza kikiwa kinajulikana. Tofauti ya bei mbili hizo ndiyo faida yako. Usipojua kukagua, utakuwa umenunua mashaka ya mwenzako, na utayauza kwa hasara.

Anza na aina moja ya kitu

Chagua aina moja tu: simu, kompyuta mpakato, friji na mashine za kufulia, samani za mbao, baiskeli, au modeli mbili tatu za magari unayoyaona kila siku barabarani. Kila modeli ina bei yake na ugonjwa wake. Anayeshughulika na modeli chache huzijua mpaka sauti: anajua gia boksi ipi hukorofisha, skrini ipi haipati vipuri, kiti kipi hukatika mguu. Anayenunua chochote kilicho rahisi huanza upya kila siku.

Kwa mtaji mdogo, vitu vidogo ni bora kuliko gari. Ukikosea kwenye simu moja, utakula hasara ya simu moja. Ukikosea kwenye gari la kwanza, mtaji wote umelala kwenye gereji ya fundi. Mtaji wa gari ni bei ya gari pamoja na akiba ya matengenezo. Mwenye bei ya gari peke yake hajawa tayari kununua gari.

Vitu vya kuachana navyo tangu mwanzo, hata vikiuzwa kwa bei ya kutupa:

- Viti vya watoto vya kwenye gari na kofia za pikipiki. Kitu kilichopata kishindo kinaweza kuonekana kizima ilhali ndani kimepasuka, na hapo ni maisha ya mtu.
- Magodoro, na makochi ya kitambaa ambayo hukukagua mishono yake kwa tochi. Vidoti vyeusi kwenye mishono ni choo cha kunguni.
- Televisheni iliyopasuka kioo. Paneli mara nyingi hugharimu karibu sawa na televisheni nzima.
- Gari lililozama kwenye maji. Nyaya huoza polepole, na hitilafu huja moja baada ya nyingine miezi mingi baadaye, gari likiwa tayari kwa mteja wako.

Kabla ya kununua chochote, tumia wiki mbili kuandika bei. Chukua matangazo 30 ya kitu ulichochagua. Andika modeli, mwaka, hali, bei, siku lilipowekwa na siku lilipoondoka. Bei iliyokaa miezi miwili ni matamanio ya muuzaji. Bei inayokufaa ni ya matangazo yanayoondoka ndani ya siku chache, tena ipunguze kidogo kwa sababu mtu amepatana kabla ya kulipa. Iite bei ya wiki moja: bei ambayo kitu chenye hali hiyo kitauzika ndani ya siku saba. Hesabu zako zote zianzie hapo.

Piga hesabu kabla ya kwenda kuona

Bei ya juu kabisa ya kununua hupatikana kwa kutoa, na lazima iandikwe kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Tuseme bei ya wiki moja ya gari fulani ni 100. Ondoa matengenezo unayoyatarajia, 9. Ondoa ada za kubadilisha umiliki, 3. Ondoa usafiri, mafuta, usafi na tangazo, 3. Ondoa akiba ya usichokiona, 8. Ondoa faida unayoitaka, 12. Inabaki 65. Muuzaji akigoma kwenye 70, unaaga.

Watu wengi hufuta ile akiba ya 8 ili hesabu ikubali, nayo ndiyo inayookoa biashara. Kwa kitu unachokijua sana na ulichokikagua vizuri, akiba inaweza kushuka hadi 4. Kwa gari ambalo hukuruhusiwa kuliendesha, au kitu cha mnada kisichowashwa, ipandishe hadi 15 au zaidi.

Angalia pia mzunguko. Faida ya 10 kwa kila 100 ndani ya siku kumi unaweza kuirudia mara 18 katika miezi sita. Hata nusu ya mizunguko ikishindikana, umepata 90. Faida ya 40 kutoka kwa kitu kimoja kilichokaa miezi hiyo sita ni 40 tu, tena baada ya kukilindia mvua na vumbi.

Mahali pa kupata

Bei nzuri hutoka kwa mtu anayetaka nafasi au muda kuliko hela: anayehama, anayegawana mali ya urithi, ofisi inayobadilisha vifaa, aliyenunua kipya na cha zamani kinamzuia kupita. Tafuta pia matangazo mabovu. Picha ya giza, jina la modeli lililokosewa herufi, maelezo ya mstari mmoja: watafutaji wengi hawayafikii, na muuzaji amechoka kusubiri. Lililowekwa leo ni la kupigiwa simu leo. Lenye wiki tano ni la kuulizwa kwa upole kama bei bado ni ileile.

Mnada una kanuni zake. Soma masharti ya ada ya mnunuzi, kwa sababu huongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei uliyoshinda nayo, na hula faida ya wasioijua. Kitu huuzwa kama kilivyo, bila kurudishwa. Fika siku ya maonyesho, kagua, andika bei yako ya mwisho kwenye kiganja ikibidi, na mkono usinyanyuke baada ya hapo.

Mwombe kila muuzaji risiti ya awali au hati ya mauziano yenye jina, saini, tarehe na namba ya kitu. Asiyekubali kuandika jina lake anakuambia jambo kuhusu mali yenyewe. Ukikutwa na kitu cha wizi kitachukuliwa, hela yako imeshaenda, na unaweza kujikuta unajieleza polisi.

Kukagua vitu vya nyumbani na ofisini

Ukaguzi wa simu huanza kwa kupiga *#06#. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 itokee kwenye skrini, ilingane na ya kwenye mipangilio na ya kwenye boksi kama lipo. Kisha muuzaji mwenyewe aondoe akaunti yake na kufuta kila kitu kupitia mipangilio, mbele yako, na simu iwake upya mpaka ukurasa wa kuanza. Ikidai nenosiri la akaunti ya zamani, imefungwa. Ahadi ya kukutumia nenosiri kesho usiipokee. Baada ya hapo shika alama moja ya programu na uiburute polepole skrini nzima, kona hadi kona. Ikidondoka njiani, mguso umekufa mahali hapo. Jaribu kamera zote, rekodi sauti na uisikilize, chomeka chaja na uitikise kidogo, weka laini na upige. Betri iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake ihesabu kama betri ya kubadilishwa.

Kwa kompyuta mpakato ya Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Washa tena uingie BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows: ikidai nenosiri asilolijua muuzaji, acha. Kompyuta zilizotoka ofisini zina mtego mwingine. Baada ya kufutwa na kuunganishwa na intaneti zinaweza kudai akaunti ya taasisi, maana bado zimesajiliwa huko. Jaribu kila kitufe, na fungua kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Bawaba iliyokaza sana hupasua fremu ya skrini.

Friji likutwe linafanya kazi tangu saa kadhaa, nawe uliombe hilo kwa simu kabla ya kwenda. Tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji iliyokuwa humo: sehemu ya chini isizidi nyuzi 4 za Selsiasi, na pakiti iliyoganda juu iwe karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri. Bana karatasi mlangoni na uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Kompresa inayounguruma na kupata moto ilhali ndani hakuna baridi ina maana gesi imevuja au kompresa imekwisha, na yote mawili hula faida. Soma kibandiko cha nyuma: R600a ni gesi inayowaka moto, hivyo mirija yake iguswe na fundi anayejua. Beba friji likiwa wima. Likilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mirija, basi lisimame saa kadhaa kabla ya kuchomekwa.

Mashine ya kufulia izungushe pipa kwa mkono. Mngurumo wa changarawe ni beringi. Inua ukingo wa pipa: likicheza juu chini, beringi zimekwenda mbali. Kisha iendeshe na maji, isubiri imalize kukamua na kutoa maji.

Samani za mbao tazama kwenye ncha na chini. Mbao halisi mistari yake hupita mpaka mwisho. Ubao wa chembe zilizobanwa huvimba kingo ukipata maji, na uvimbe huo haurudi. Vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake ni bungua aliye hai. Usikiweke kitu hicho chumba kimoja na mali yako nyingine.

Gari: karatasi kwanza, macho baadaye

Omba picha ya hati ya umiliki na ya namba ya chesisi kabla ya kupanda basi. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kabisa I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, imeandikwa vibaya au imechezewa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi ya fremu, kwa hiyo ufupi peke yake si kosa. Ukifika, linganisha namba iliyochongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibati, na iliyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Pita kidole juu ya iliyochongwa. Rangi mpya pembeni yake, mshono wa kuchomelea, au tarakimu zisizolingana urefu: funga mazungumzo. Kisha uliza mamlaka ya usajili ya nchi yako kama gari lina mkopo, kesi au taarifa ya wizi. Gari lenye deni la benki linaweza kukamatwa mikononi mwako.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Injini ya moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, moshi wa mwanzo, mlio wa cheni, betri dhaifu. Ukilikuta limepashwa, zunguka, kunywa maji, rudi likiwa limepoa.

Tazama bodi mchana, kavu. Matone ya maji hufanya rangi mbili zionekane moja. Simama kwenye kona na uangalie nafasi kati ya milango, boneti na mabawa: ziwe na upana uleule pande zote. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti za mabawa. Rangi iliyopasuka kwenye bolti inaonyesha spana imepita. Geji ya unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachojilipa haraka. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikromita 80 na 150. Kati ya 200 na 300 pamepigwa rangi tena. Ukivuka 500, chini yake kuna puti. Huna geji, tumia sumaku iliyofungwa kitambaa: penye puti nene haishiki vizuri. Kumbuka tu kwamba haishiki alumini wala plastiki.

Matairi yana tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kashata ya tairi jipya la gari dogo huwa karibu milimita 8, na nchi nyingi zinakataza chini ya 1.6. Namna tairi lilivyoliwa inasema zaidi. Likiliwa ukingo mmoja, alaimenti au bushi zimechoka. Likiliwa katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likiliwa kingo zote mbili, lilikuwa na upepo kidogo.

Fungua kifuniko cha oili. Utando mweupe kama krimu unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi, ndiyo maana uvute na stiki ya kupimia oili: oili ya kwenye stiki ikiwa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu. Maji yenye mafuta juu yake yanasema jambo hilohilo. Pima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa ni betri iliyojaa. Injini ikiwaka isomeke takribani 13.7 hadi 14.7, la sivyo alteneta ina tatizo.

Sasa geuza ufunguo bila kuwasha. Taa za injini, breki za ABS, mifuko ya hewa na oili ziwake zote, kisha zizime kwa zamu zake gari likiwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda kuna aliyeiziba. Hili husahaulika hata na mafundi.

Washa, na mwenzako asimame nyuma. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni maji ya kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa.

Chomeka mashine ya kusomea hitilafu. Tundu lake, liitwalo OBD-II, ni la lazima kwa magari ya Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Usiishie kwenye hitilafu zilizoandikwa. Fungua ukurasa wa vipimo vya utayari, yaani majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa: vikionyesha vingi havijakamilika, kumbukumbu ilifutwa hivi karibuni au betri ilichomolewa. Vinahitaji kuendeshwa makumi ya kilomita ndipo vikamilike. Mwambie muuzaji utarudi baada ya siku tatu za matumizi ya kawaida, usome tena.

Endesha nusu saa, si mzunguko wa mtaa mmoja. Gia otomatiki ikisita zaidi ya sekunde mbili kuingia mbele au nyuma, au ikigonga, mafuta na gia boksi vitazamwe. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni onyo. Kwa gia za mkono, weka gia ya juu kwenye mwendo mdogo na ukanyage: injini ikipanda bila gari kupanda, klachi inateleza. Kata steringi hadi mwisho na uende polepole. Ta-ta-ta upande mmoja ni kiungio cha ekseli. Steringi ikitetema kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, anza kushuku balansi au rimu. Funga breki kwenye barabara tupu na usikie gari linavutia wapi. Ukirudi, liache lingurume dakika kumi, sikiliza feni ikiwaka na kuzima, tazama chini kama kuna tone, zima, washa tena likiwa moto.

Kwa gari lililozama, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake na uunuse. Mstari wa tope hubaki pale ambapo muoshaji hakufika. Inua zulia, tazama bolti za viti. Kwa mita iliyorudishwa nyuma, linganisha kilomita na raba ya pedali ya breki, ngozi ya steringi na upande wa nje wa kiti cha dereva. Kilomita 60,000 hazitoboi pedali.

Kupatana na kununua

Andika hitilafu ulizozikuta na gharama ya kila moja, mwonyeshe muuzaji, toa bei yako, nyamaza. Usimtukanie mali, amekaa nayo miaka na anaipenda. Akikataa, mwachie namba. Wengine hupiga wiki ya pili. Mkikubaliana, andikeni hati, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na gari liandikishwe kwa jina lako. Kuliuza kwa karatasi za mwenye zamani ili kukwepa ada ni kosa la kisheria sehemu nyingi, na mteja makini hukimbia akiona jina lisilo lako. Uliza pia mapema kama nchi yako inaweka idadi ya magari ambayo mtu anaweza kuuza kwa mwaka bila leseni ya biashara. Baadhi zinaweka.

Matengenezo yanayorudisha hela

Kwanza usalama: breki, matairi, steringi, taa, kuvuja kwa oili. Haya hayana mjadala, kwa sababu familia ya mtu itapanda humo. Pili, vinavyoonekana na vya bei nafuu: usafi wa ndani, mikeka ya miguuni, balbu zilizoungua, vitufe vilivyopotea. Vya kuacha ni rimu mpya, redio kubwa na rangi mpya ya gari zima. Rangi mpya huamsha swali la ajali ambalo halikuwepo, na mteja hakulipi gharama yake.

Taa za mbele zilizofifia ndizo kazi ndogo inayobadilisha sura ya gari kuliko zote. Funika rangi ya pembeni kwa tepu. Sugua taa kwa msasa wa maji namba 1000, ukimimina maji muda wote, mpaka ule unjano utoke na taa iwe nyeupe sawasawa kama kioo cha bafu. Usiogope inapoonekana kuharibika zaidi. Ingia namba 2000 ukisugua kwa kukatisha mistari ya kwanza, halafu 3000, halafu polishi kwa kitambaa laini mpaka ing'ae. Safisha kwa alkoholi, kisha pakaa kinga ya miale ya jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo huachwa. Msasa umeondoa kinga ya kiwandani, na bila nyingine taa hurudi njano baada ya miezi michache, mteja wako akikukumbuka kwa ubaya.

Kuuza

Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mahali pasipo na vitu nyuma. Kwa gari, picha 15 hadi 20: pembe nne, viti, dashibodi yenye kilomita zikionekana, boneti wazi, tairi moja kwa karibu, na kila mkwaruzo. Ndiyo, mkwaruzo. Anayeuona kwenye picha haji kuutumia kushusha bei mlangoni, na anayaamini mengine uliyosema. Andika ulichorekebisha na tarehe, ulichokiacha bila kurekebisha, na sababu. Weka bei juu kidogo ya bei ya wiki moja, asilimia 5 hivi, kwa ajili ya kupatana.

Mkutane mchana, mahali penye watu. Kabla ya kumpa mtu ufunguo wa kujaribu, tazama leseni yake, hakikisha bima inamhusu, na ukae naye ndani. Malipo yathibitishwe kwenye akaunti yako, uyaone kwa kuifungua mwenyewe. Ujumbe wa simu na picha ya risiti hutengenezwa kwa dakika mbili. Anayelipa zaidi ya bei na kuomba umrudishie chenji anakuibia: malipo yake yatabatilishwa, chenji yako haitarudi.

Makabidhiano yawe ya maandishi kwa gari na kwa simu vilevile: namba ya kitu, bei, hali, saini, tarehe na saa. Saa ina maana yake, kwa sababu faini ya kamera ya jioni isije kwako ilhali umeuza mchana. Toa taarifa ya mauzo kwa mamlaka siku hiyohiyo kama sheria inaruhusu, usimwachie mnunuzi.

Daftari na mzigo uliolala

Kila kitu kiwe na mstari mmoja: tarehe ya kununua, bei, kila gharama hadi nauli, tarehe ya kuuza, bei, siku zilizopita, na nafasi ya kuandika ulichokadiria vibaya. Baada ya vitu ishirini nafasi hiyo itakuonyesha unakosea wapi. Kwa wengi ni kukadiria matengenezo kwa nusu ya gharama halisi. Dawa yake ni kuzidisha makadirio kwa kiasi kilichomo daftarini, si kuahidi kuwa makini.

Kitu kisichouzika ndani ya siku 30, anza na picha na maelezo mapya, na ushushe asilimia 5. Siku ya 45, shusha 5 nyingine. Siku ya 60 kiuze kwa bei yoyote ya soko, hata chini ya ulichonunulia, maana hela hiyo inangojewa na kitu kitakachozunguka ndani ya wiki. Kabla ya kukubali ofa ya hasara, usijiulize ulilipa ngapi. Jiulize: leo, kwa bei hii anayonipa, ningekinunua mimi? Kama jibu ni hapana, kabidhi ufunguo.